Sayansi ya Kumwelekeza Mgeni

Chukua mfano wa kijana anayeshuka kwenye daladala katika kituo cha Uhasibu, kando ya Barabara ya Kilwa, kata ya Kurasini. Ni mara yake ya kwanza kufika Dar es Salaam. Ametumwa na wazazi wake kumfuata shangazi yake aliye mgonjwa, na maelekezo aliyopewa kwa simu ni haya: "Ukishuka Uhasibu uliza Bandari, halafu pale kona utaiona njia, ingia, si mbali." Sasa simu yake imekwisha moto. Anamwendea mama muuza mihogo na kumwuliza: "Bandari ni wapi?" Mama anamtazama bila kumjibu upesi, kwa kuwa hakuamkiwa. Fundi viatu aliye jirani anadakia kwamba ni kule mbele. Dereva wa bajaji anasema kwamba mbele ni mbali, afadhali arudi alikotoka. Mzee mmoja anahoji kwa nini hakushukia kituo kingine. Mwingine anaanza kueleza jinsi yeye alivyofika mjini kwa mara ya kwanza na hakupotea hata siku moja. Baada ya dakika kumi watu wanne wanabishana juu ya njia iliyo fupi, na mgeni amesimama palepale, jua la saa saba likimchoma utosini.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kila mmoja alitaka kusaidia, na pengine wawili kati yao walikuwa wanaijua njia barabara. Hata hivyo msaada haukumfikia aliyeuhitaji. Jambo hili hutokea kila siku vituoni, bandarini na katika stendi za mabasi, na kwa kawaida husemwa kwamba chanzo chake ni ukosefu wa adabu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kuuliza njia na kuielekeza ni kazi ya ubongo na ya lugha, na sayansi imekwisha kuonyesha mahali ambapo kazi hiyo huharibika.

Ramani iliyomo kichwani

Mwaka 1948 Edward Tolman, mtaalamu wa elimunafsi wa Marekani, alichapisha makala mashuhuri kuhusu panya waliofundishwa kupita njia za vichochoro ili wapate chakula. Katika jaribio mojawapo panya walizoezwa njia moja ya mzunguko. Kisha njia hiyo ilizibwa, wakawekewa njia nyingine nyingi zilizotawanyika kama miale ya jua. Kundi lililo kubwa kuliko mengine lilichagua njia iliyoelekea moja kwa moja upande wa chakula, ingawa hawakuwa wameipita kamwe. Tolman alieleza kwamba mnyama hakariri hatua peke yake. Hujichorea akilini ramani ya mahali.

Wazo hilo lilipata uthibitisho mwaka 1971. John O'Keefe na mwenzake, wakifanya utafiti huko London, waligundua chembe katika sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi ambazo huamka mnyama anapofika mahali fulani tu. Mwaka 2014 O'Keefe alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway, walioendeleza uchunguzi huo. Mwaka 2000 watafiti wengine, wakiongozwa na Eleanor Maguire, walipima ubongo wa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza maelfu ya mitaa. Walikuta kwamba upande wa nyuma wa hipokampasi zao ni mkubwa kuliko wa watu wasiofanya kazi hiyo.

Ramani hiyo ya akilini hujengwa kwa vitu gani? Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango ya miji wa Marekani, alitaja vitu vitano katika kitabu chake cha mwaka 1960: njia, mipaka, maeneo, makutano na alama. Mkazi wa Kurasini anavyo vyote vitano bila kuhesabu. Njia ni Barabara ya Kilwa na Barabara ya Mandela. Mpaka ni mkono wa bahari unaoitenga Kurasini na Kigamboni. Eneo ni kama Mivinjeni. Makutano ni pale Barabara ya Kilwa inapokutana na ile ya Mandela. Alama ni kama viwanja vya maonyesho vya Sabasaba, au chuo cha uhasibu ambacho kituo kile cha daladala kimechukua jina lake. Mgeni hana hata kimoja. Kwake yeye "Uhasibu" ni jina la somo la hesabu za fedha.

Ujuzi unaomfumba macho mjuzi

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la mwenyeji. Mwaka 1990 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton, alifanya jaribio rahisi. Watu walipewa nyimbo zinazojulikana na wengi, wakaambiwa wagonge mdundo wake kwa kidole juu ya meza, na wasikilizaji wautambue wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Katika nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake. Msikilizaji alisikia ngo-ngo-ngo.

Mwenyeji anayesema "ingia pale kona, si mbali" ni sawa na mgongaji huyo. Yeye anaiona kona, mti, duka na rangi ya ukuta. Anayemsikiliza anasikia maneno matano. Mwenyeji akiona mgeni hajaelewa, huyarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, na hatimaye humwona mgeni kuwa mzito wa akili. Dharau ya namna hiyo huumiza, nayo hutoka katika kosa la kipimo: mjuzi amejipima kwa ujuzi wake mwenyewe.

Ramani ya akilini ina udhaifu mwingine, nao ni kuchakaa. Nyumba nyingi za Kurasini zilibomolewa na wakazi wake wakahamishwa ili kupisha miradi inayohusiana na biashara na bandari, na bado wapo wanaoelekeza kwa kutaja nyumba zisizokuwapo tena. Kabla ya Aprili 2016 aliyetaka kwenda Kigamboni alivuka kwa kivuko cha Magogoni au alizunguka kwa barabara kupitia Kongowe. Mwezi huo lilifunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, likaiunganisha Kurasini na Kigamboni. Vivyo hivyo, mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakianzia Ubungo yalihamishiwa kituo kikuu cha Mbezi Luis mwaka 2021. Mtu aliyesafiri zamani akatoa ushauri leo kwa kujiamini, bila kutaja mwaka aliosafiri, aweza kumkosesha mwenzake basi. Uaminifu unamtaka aseme: "Mimi nilipita huko miaka kumi iliyopita, hakikisha kwanza."

Hapa, hapo na pale

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili ni tajiri katika kutaja mahali. Kina PA ya mahali panapojulikana barabara, KU ya upande au eneo pana, na MU ya ndani. Tena kina "hapa" karibu na msemaji, "hapo" karibu na msikilizaji au mahali palipokwisha kutajwa, na "pale" mbali na wote wawili. Wazungumzaji wanapotazamana, maneno haya hufanya kazi kwa ustadi, kwa kuwa husaidiwa na kidole, jicho na hata mdomo uliochongolewa. Katika simu msaada huo haupo. "Pale kona" ya shangazi ilikuwa na maana kamili kwa shangazi, na ilipofika sikioni mwa kijana ilikuwa imekwisha kupoteza kidole chake.

Kulia na kushoto pia hutegemea mwili umeelekea wapi. Dawa yake imo katika desturi ya madereva na makondakta, wasemao: "Ukiwa unatokea mjini, mkono wa kushoto." Maneno "ukiwa unatokea mjini" humgeuza msikilizaji na kumwelekeza uso kabla ya kumtajia mkono. Ni sayansi safi, ingawa hakuna aliyeisomea.

Saa nazo zataka uangalifu. Kwa Mswahili saa za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na kwa kuwa Afrika Mashariki imo karibu na ikweta, mchomozo haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo saa 8:00 iliyoandikwa katika tiketi ni saa mbili asubuhi katika mazungumzo. Msafiri kutoka ng'ambo akiambiwa "saa mbili" bila ufafanuzi, aweza kufika baada ya chombo kuondoka. Anayemwelekeza mgeni wa namna hiyo na ataje asubuhi au jioni, kisha amwonyeshe tarakimu.

Thamani ya "sijui"

Watu wengi huona haya kusema "sijui", hasa mbele ya mgeni. Huona kwamba jibu lolote ni ukarimu kuliko kutokuwa na jibu. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba sivyo.

Ichukuliwe kwamba mgeni yupo katika njia panda yenye matawi mawili. Anawauliza watu watatu, kila mmoja peke yake bila kumsikia mwenzake, kisha anafuata jibu la walio wengi. Kama kila mmoja ana uwezekano wa 0.7 wa kujibu sawa, basi uwezekano wa wote watatu kuwa sawa ni 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani 0.343. Wawili kuwa sawa na mmoja kukosea kwaweza kutokea kwa namna tatu: 3 × 0.7 × 0.7 × 0.3, yaani 0.441. Jumla ni 0.784. Mgeni amefaidika kwa kuuliza watatu badala ya mmoja.

Sasa ichukuliwe kwamba waulizwa wanabahatisha kutokana na habari zilizopitwa na wakati, na kila mmoja ana uwezekano wa 0.4 tu. Jumla ni 0.064 na 0.288, yaani 0.352. Safari hii kuuliza watatu kumemharibia zaidi kuliko kumwuliza mmoja. Kanuni hii iliandikwa na Mfaransa Condorcet mwaka 1785. Mtu asiyejua akisema "sijui, mwulize yule muuza magazeti", huwa amejiondoa katika hesabu mbaya na kumpeleka mgeni kwenye hesabu nzuri. Amesaidia kwa hakika.

Sharti la kila mmoja kujibu peke yake nalo ni muhimu. Kundi la kituoni linapojibu kwa pamoja, wa pili humfuata wa kwanza au humpinga kwa ajili ya ubishi, na majibu manne huwa na uzito wa jibu moja.

Wajibu wa anayeuliza

Mgeni naye ana wajibu wake. Salamu ndiyo hatua ya kwanza. "Shikamoo, mama" au "Habari za kazi, kaka" humpa mwulizwa nafasi ya kuacha shughuli yake na kuelekeza akili kwa anayemwuliza. Hatua ya pili ni kutaja mwisho wa safari. "Bandari ni wapi?" ni swali pana mno, kwa maana bandari ina malango kadhaa, na kijana hakuwa anakwenda bandarini hata kidogo, alikuwa anakwenda kwa shangazi yake. Hatua ya tatu ni kuyarudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe. Hapo makosa hujitokeza mapema, kama rubani anavyoyarudia maagizo ya mwongozaji wa ndege. Hatua ya nne ni kushukuru, hata kama jibu lilikuwa "sijui".

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo ni ushirikiano wenye masharti manne: kusema kiasi kinachotosha, kusema kweli, kusema linalohusu, na kusema kwa uwazi. Mzee aliyehoji kwa nini kijana hakushukia kituo kingine alivunja sharti la tatu. Aliyesimulia safari zake mwenyewe alivunja la kwanza na la tatu.

Hasara yake ni kubwa

Msomaji aweza kudhani kwamba hasara ya haya yote ni dakika kumi za jua. Lakini mama mjamzito anayetafutiwa gari usiku huelekezwa kwa maneno hayahaya. Anayepiga namba 114 kuliita gari la zimamoto hulazimika kueleza kwa simu, bila kidole, nyumba inayoungua ipo wapi.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, kusini mwa Kurasini kwa njia hiyohiyo ya Kilwa. Watu walipoteza maisha, na maelfu wakakimbia. Katika mbio hizo watoto wengi walitengana na wazazi wao. Mtoto aliyepotea huulizwa jambo moja kwanza: "Unakaa wapi?" Jibu "kwa mama, karibu na dukani" ni kweli tupu, na halimfikishi popote.

Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchini, mitaa ikapewa majina na nyumba namba. Kazi hiyo ni msingi mzuri, lakini kibao kilichopo ukutani hakina faida ikiwa waliomo ndani hawajakisoma.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulifanya jambo hili kuwa somo la vipindi viwili. Kila mwanafunzi aandike maelekezo ya kutoka lango la shule hadi mahali palipo ndani ya nusu kilometa, bila kupataja jina. Asitumie maneno "pale", "kule" wala "si mbali". Karatasi zichanganywe, kila mmoja apewe ya mwenzake, na baada ya masomo aifuate neno kwa neno. Siku ya pili darasa lihesabu wangapi walifika, na kila aliyepotea aonyeshe neno lililompoteza. Mwishoni kila mwanafunzi aandike anwani ya nyumbani kwao: mtaa, namba ya nyumba, na alama moja inayoonekana usiku. Jioni hiyo aende nayo nyumbani, akamfundishe mdogo wake.