Mtoi Wenu Anajua Kupiga Pedali, Lakini Anajua Kusimama?

Likizo ikiingia tu, esteti nyingi Nairobi zinageuka uwanja wa baiskeli. Kuna msee ana baiskeli nne kuukuu anazikodisha ashu raundi moja, na watoi wamepanga laini wakipigania ile ndogo. Breki hakuna. Mtoi akitaka kusimama anabana slipasi kwa tairi ya nyuma, basi. Ndani ya korti inachekesha. Shida ni siku ataona korti imekuwa ndogo na aamue kutoka nayo nje ya geti.

Sasa wewe ndio brathe mkubwa ama sistee wa hiyo keja. Mathe yuko job, buda yuko job, na huko shule mara nyingi mtoi anafunzwa kuvuka barabara na miguu, story ya baiskeli hakuna. Hii kazi ni yako. Haitaki doh mob, inataka pakingi tupu na Jumapili kadhaa mchana.

Anza na baiskeli yenyewe. Ile tabia ya kununulia mtoi kitu kikubwa "atakua nacho" iwachie sweta ya shule. Akikaa kwa siti, vidole vya miguu viguse chini, na vidole vya mikono vifikie breki bila kujinyoosha. Finya tairi. Bana breki zote mbili kisha sukuma baiskeli: ikisonga, peleka kwa fundi abadilishe raba kabla mambo mengine yoyote.

Kama hajui balansi, usimshike siti ukikimbia nyuma yake hadi mgongo ukatike. Toa pedali zote mbili, shusha siti, awe anajisukuma na miguu kama anatembea. Ya kushoto, chunga, ina nati ya kinyume, inafunguka kwa ule upande zingine hukazia. Akishaweza kuteleza miguu ikiwa juu, rudisha pedali.

Hapo ndio wengi huwachia. Mtoi anaenda, anapigiwa makofi, imeisha. Manze, bado hujamfunza kitu. Kuenda si hoja, hoja ni kusimama.

Chora laini na choki. Mwambie gurudumu la mbele lisimame kabla ya hiyo laini, akibana breki zote mbili pamoja, si ya mbele peke yake. Arudie akiongeza spidi kidogo kidogo. Kisha mwaga maji hapo chini ajionee venye baiskeli inachelewa kusimama kukiwa na unyevu.

Hiyo laini ukimaliza nayo, ihamishe kwa geti. Kila akitoka: simama, mguu chini, angalia kulia, kushoto, kulia tena. Kulia inaanza juu hapa Kenya gari iliyo karibu na wewe inatokea huko. Dereva wa Probox akiwa 50 kwa saa anakula karibu mita 14 kila sekunde, na hiyo sekunde inaweza isha kabla hata aguse breki. Mtoi wa Grade 2 ama 3 bado hawezi kupima vizuri spidi ya gari inayokuja, kwa hivyo usimwambie "vuka kama iko mbali." Mbali yake si mbali yako. Barabara kubwa ashuke, asukume, avuke na mtu mkubwa.

Kuna kitu kingine kinachanganya watoi, na si makosa yao. Shule imemwambia atembee upande wa kulia akitazamana na magari. Ni poa kabisa, kwa miguu. Sasa akipanda baiskeli anabeba hiyo sheria na kwenda nayo. Halafu kila siku anaona nduthi zikipita upande si wake, anadhani ni sawa. Mwelezee sababu: dereva anayetoka barabara ndogo akikata kushoto anaangalia kulia kwanza, huko ndio magari hutokea. Mtoi akija na ule upande mwingine, haonekani. Miguu, tazamana na magari. Baiskeli, shika kushoto uende nayo.

Kuangalia nyuma pia hufunzwa. Mtoi akigeuza kichwa, baiskeli inafuata kichwa, na hapo ndio anajipata katikati ya barabara. Simama nyuma yake uinue vidole, aendeshe juu ya laini ya choki, ageuke, aseme ni vingapi bila kutoka kwa laini. Watoi hupenda huo mchezo kuliko chochote.

Helmeti: ikae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya swagga. Kamba zikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ndogo tu. Ukipata ya mtumba iko na ufa, achana nayo. Na kubeba beste kwa kearia, bado sana.

Uholanzi watoi wa primary hufanya mtihani wa barabara wakiwa kwa baiskeli zao. Sisi tuna mitihani ya kila kitu isipokuwa hiyo. Ukijuana na mwalimu, muombe kipindi kimoja cha michezo, uende na choki yako. Na kama esteti yenu haina nafasi, Karura kuna baiskeli za kukodisha na njia za msituni zisizo na mathree.

Siku ya kwanza nje, chagua asubuhi ya Jumapili. Yeye mbele, wewe nyuma yake kidogo upande wa kulia, mpaka dukani. Usimkumbushe chochote. Akifika geti ateremshe mguu bila kuambiwa, nunueni maziwa mrudi. Asiposimama, mrudishe kwa choki.