Mzamiaji akiugua baada ya kutoka majini, daktari aambiwe kuwa alizama

KATIKA biashara ya majongoo bahari, hesabu za tajiri mwenye chombo hujulikana: mafuta ya mashine, mitungi ya hewa, chakula cha wavuvi na chumvi ya kuhifadhia. Gharama moja husahaulika. Ni ya mzamiaji anayerudi pwani mzima, akala na kulala, kisha akaamka na maumivu ya bega au ganzi ya miguu ambayo hakuna anayejua imetoka wapi.

Majongoo huuzwa kwa bei nzuri Hong Kong na China. Kwa kuwa yale ya karibu na ufukwe yamepungua sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, wavuvi huyafuata kwenye kina kirefu. Pale ambapo zamani mtu alitosheka na kuokota wakati wa maji kupwa, au kuzama kwa pumzi yake, sasa wapo wanaoshuka na mitungi mara kadhaa kwa siku bila ya kupata mafunzo.

Kama chupa ya soda

Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule tunaoishi nao nchi kavu. Kwa hiyo aliye mita 30 chini yumo katika mgandamizo mara nne ya ule wa juu. Hewa ya mtungi ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni, na kadiri mtu anavyokaa chini ndivyo nitrojeni inavyozidi kuyeyuka katika damu na nyama za mwili.

Akipanda polepole, nitrojeni hutoka kwa pumzi. Akipanda haraka hugeuka kuwa viputo, kama soda inapofunguliwa ghafla. Viputo hivyo vikikaa kwenye viungo huleta maumivu. Vikiathiri uti wa mgongo huleta ganzi, udhaifu wa miguu, kushindwa kukojoa na hata kupooza. Wengine huona uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, au ngozi kuwasha na kutoka mabaka.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mfaransa Paul Bert alieleza madhara ya viputo vya nitrojeni mwaka 1878, na mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza alichapisha majedwali ya kumpandisha mzamiaji kwa hatua.

Kwa nini hautambuliwi

Wagonjwa wengi huanza kuona dalili ndani ya saa sita tangu kutoka majini, na wengine hadi siku ya pili. Wakati huo mtu yuko nyumbani, na aliyempeleka zahanati huenda hajui habari za mitungi. Mgonjwa husema mwili unauma, hupimwa malaria, na vimelea vikionekana hutibiwa malaria na habari ikaishia hapo. Wengine huchuliwa kwa mafuta, au huambiwa wamepatwa na shetani wa baharini.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea maelezo: alizama kina gani, mara ngapi, alikaa muda gani, alipanda vipi, na dalili zilianza saa ngapi. Mvuvi anayeficha kuwa alitumia mitungi kwa kuogopa kukosa kibali anamnyima daktari kipimo pekee alicho nacho.

Maelezo hayo husaidia pia kutenganisha matatizo mengine. Anayezimia au kukohoa damu mara tu anapoibuka huenda alizuia pumzi wakati wa kupanda, na mapafu yakapasuka. Wazamiaji kadhaa wakiumwa kichwa na kutapika siku moja, ikaguliwe kompresa: huenda moshi wa injini umeingia kwenye hewa ya mitungi.

Gharama ya kuchelewa

Huduma ya kwanza ni kumlaza mgonjwa, kumpa oksijeni safi na maji ya kunywa akiwa na fahamu kamili, kisha kumkimbiza kwenye chumba maalumu cha mgandamizo. Vyumba hivyo ni vichache, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kupona kabisa. Kumrudisha baharini na mtungi mwingine ili apone, kama wafanyavyo baadhi ya wavuvi, ni hatari. Anaweza kupoteza fahamu akiwa chini. Ndege inayoruka juu nayo huongeza viputo.

Mzamiaji akipooza, hasara haiishii kwenye chombo. Wengi wao wana mashamba ya mihogo na minazi, na nyumba hupoteza mikono miwili ya kulima huku mikono mingine ikibaki kumuuguza.

Honduras ni funzo. Huko Wamiskito wengi wanaozamia kamba-koche kwa ajili ya makampuni wamepata ulemavu. Tarehe 31 Agosti 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu katika kesi ya wazamiaji 42, ambamo serikali ilikubali kuwa ilikuwa na wajibu.

La kufanya

Tajiri anayetoa mtaji aingize matibabu katika hesabu kabla ya kugawana faida. Mtungi wa oksijeni ya hospitali uwepo chomboni, pamoja na mtu aliyefundishwa kuutumia. Namba ya simu ya chumba cha mgandamizo kilicho karibu itafutwe kabla ya safari, na nahodha aandike kina, muda na idadi ya mizamo ya kila mtu. Karatasi hiyo iende na mgonjwa hospitali.

Mzamiaji apande kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na asimame mita 5 chini kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kutoka. Hata hivyo, hilo halimlindi anayekaa chini kupita kiasi au kuzama mara nyingi kwa siku.

Kwa wenye nafasi, ipo pia njia ya kufuga jongoo mchanga katika vizimba vya maji mafupi, kama inavyofanyika Zanzibar. Ufugaji huo unahitaji vifaranga, ulinzi na subira, lakini mavuno yake hayamlazimu mtu kushuka mita 30.