Mlango wa Nyumba ya Kupanga ni Amana

Ndugu zetu wasomaji, hapa kwetu Zegereni, Kibaha, tangu kujengwa viwanda wapangaji wamekuwa wengi, na ugomvi nao haukosi. Tuliitwa kusuluhisha mmoja: fremu ya mlango imeliwa na mchwa, mwenye nyumba amezuia vyombo vya mpangaji anayehama, na mpangaji ameapa halipi hata senti.

Tuliwakumbusha madhehebu yetu ya Kishafii. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenyewe. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Kufagia uwanja ndiko kulikompasa mpangaji. Tena mpangaji ni mwenye kuaminiwa: halipi kilichoharibika ila akivuka mpaka au akizembea. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 nayo haimtwiki mpangaji uchakavu wa kawaida.

Basi rangi iliyopauka kwa jua si deni lake. Lakini huyu alikiri kuwa aliiona njia ya mchwa ikipanda ubaoni, akanyamaza. Mwenye nyumba naye alikiri kuwa mbao zake hazikutiwa dawa. Wakapatana nusu kwa nusu, na vyombo vikatoka.

Enyi ndugu, Qurani imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi (Albaqara, aya 282). Yatupasa nasi, kabla ya kupeana ufunguo, tukague milango na madirisha, tuandike hali yake. Karatasi moja huhifadhi udugu wa watu wawili.