Mpini Huu Ulikuwa Nini?

Watu wakishika kisu cha kukunja cha zamani hukimbilia kukifungua. Wanataka kuona bapa, kusoma jina lililogongwa kwenye shina lake, na kusikia kama kamani bado ina nguvu. Mimi nakiacha kimefungwa. Nakigeuza nitafute mahali ambapo kibamba cha mpini kimekatwa kwa upana, kwenye ncha au kwenye ukingo unaolala juu ya chuma, kisha natoa lenzi ya sonara. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia katika jiji la Sheffield, Uingereza. Nashinda na meno na plastiki za meno, kwa hiyo uso uliong'arishwa haunishtui. Uso ni kazi ya fundi. Ninachotaka kujua ni kitu chenyewe kilikuwa nini kabla fundi hajakigusa.

Nimeangukia mahali pazuri kwa ugonjwa huu. Sheffield imetengeneza visu kwa karne nyingi, na ukumbi wa chama cha mafundi wake wa visu una kisu kimoja kikubwa chenye mabapa 75, kilichotengenezwa na Joseph Rodgers & Sons kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Mipini yake ni ya ganda la chaza, limechongwa mapicha kila upande. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na ghala la pembe za ndovu ambalo wageni walipelekwa kutembezwa kama tunavyopeleka wageni kuona magofu. Nyingi ya pembe zilizotoka Afrika Mashariki zilibebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani, zikavuka hadi Zanzibar, zikauzwa huko na kupakiwa melini. London zilipigwa mnada. Baadhi zikaishia hapa, zikakatwa vibamba vyembamba, na chembechembe zilizobaki zikachomwa kupata rangi nyeusi ya wachoraji.

Fundi wa zamani alikuwa na vitu vingi vya kuchagua: pembe ya ndovu, mfupa wa ng'ombe, pembe ya nyati, pembe ya kulungu wa India, gamba la ng'amba, ganda la chaza, miti migumu. Vyote viliota. Jino linakua kwa namna yake, mfupa kwa namna yake, ganda kwa namna yake, na kila namna inaacha alama ambayo msasa hauiondoi. Plastiki haikuota, ilimiminwa au kushinikizwa. Basi nikishika mpini, swali langu ni moja tu: hiki kiliotaje?

Tuanze na ubishi mkubwa kuliko wote, pembe ya ndovu na mfupa. Pembe ya ndovu ni jino, tena la mbele la juu, na karibu lote ni dentini, kitu kilekile kilichomo ndani ya jino lako chini ya ile tabaka ngumu nyeupe. Dentini ina vijineli vidogo mno vinavyotoka katikati, kwenye neva, kwenda nje. Katika jino la ndovu vijineli hivyo vinakwenda kwa mawimbi, na ukikata jino kwa upana mawimbi yanajitokeza kama mistari iliyopinda na kupishana, kama ukili uliosukwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mjerumani aitwaye Bernhard Schreger aliieleza mwaka 1800, na mistari hiyo bado ina jina lake. Karibu na ukingo wa nje wa jino, mistari ya ndovu hukutana kwa pembe pana, mara nyingi zaidi ya nyuzi 115. Ya mamothi, yule ndovu wa kale ambaye meno yake huchimbuliwa kwenye barafu ya Siberia, hukutana kwa pembe finyu, chini ya nyuzi 90. Hili lina maana, kwa sababu visu vingine vya zamani vimewekewa mipini mipya ya mamothi na wauzaji hawasemi.

Shida ya kisu cha mfukoni ni kwamba kibamba ni chembamba na ncha zake mara nyingi zimevishwa kofia ya chuma. Unabaki na upenyo mdogo kwenye ukingo. Hapo ndipo lenzi inapolipa gharama yake. Ukiona mistari michache tu ikikatana, inatosha. Ubavuni mistari ya pembe inakwenda kwa urefu, inayumba, inafifia, inarudi. Haina haraka ya kufanana.

Mfupa ulikuwa na damu. Ndani yake kuna mifereji ya mishipa, ambayo inaitwa kwa jina la daktari Mwingereza, Clopton Havers, aliyeandika juu yake mwaka 1691. Fundi alichukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, akauchemsha kutoa mafuta, akaupasua na kuung'arisha. Lakini mifereji ilibaki wazi, na miaka mingi ya jasho, tumbaku na vumbi la mfukoni imeijaza uchafu. Kwenye ncha utaona vidoti vyeusi. Ubavuni utaona vistari vifupi vyeusi, kana kwamba mtu amechorachora na sindano. Pembe ya ndovu haina hivyo kabisa. Jambo hilo peke yake linamaliza ubishi mwingi, na bado nakutana na watu wanaopima kwa rangi. Rangi haina maana! Mfupa mzuri huwa mweupe, pembe iliyoshikwashikwa huwa ya manjano kama samli, na chai iliyokolea inaweza kuvizeesha vyote viwili kwa usiku mmoja.

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Unguja aliniletea picha kwenye simu.

"Shikamoo mjomba. Hiki kisu cha marehemu babu, mpini ni pembe tupu. Naambiwa huko kwenu ni mali."

"Marahaba mpwa wangu. Umenipigia ubavu. Nipigie ncha, na ukifungue unipigie bapa karibu na mpini."

Picha zikaja. Ubavuni kulikuwa na mistari mizuri, lakini mizuri kupita kiasi: imenyooka, imelingana, kama daftari la shule. Kwenye ncha mistari haikukatana, iliendelea tu kama tabaka za karatasi. Na bapa lilikuwa na kutu ya ajabu, pale tu linapolala ndani ya mpini likifungwa. Sehemu iliyobaki nje ilikuwa safi. Nikamwambia asugue mpini kwa kidole gumba kwa nguvu hadi upate joto, kisha anuse.

"Mjomba, inanuka kafuri."

Hiyo ni seluloidi. Ndugu wawili wa Marekani wakiongozwa na John Wesley Hyatt waliipatia hataza mwaka 1870, na chanzo chake kilikuwa pembe yenyewe: watengenezaji wa mipira ya biliadi walikuwa wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe iliyokuwa ghali. Inatengenezwa kwa pamba iliyotiwa tindikali ya nitriki, ikachanganywa na kafuri. Viwanda vilibandika karatasi zake nyeupe na za maziwa moja juu ya nyingine, vikakata kwa upande, na hapo ndipo ile mistari ya daftari inapotoka. Kwa hiyo mpini wa seluloidi kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1850 maana yake mpini ulibadilishwa, au muuzaji anasimulia hadithi.

Kutu ile ina sababu. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye tindikali. Mvuke huo unakula chuma kilichofungiwa nayo, na hauchagui. Visu vya jirani kwenye droo ileile navyo vitaanza kuota kutu. Nilimwomba mpwa wangu akitoe kisu cha babu ndani ya sanduku la visu na kukiweka peke yake mahali penye hewa. Pia nilimkataza ile njia ya vijiweni ya kuchoma mpini kwa sindano ya moto. Sindano ikiingia kwenye pembe inaacha kovu la milele. Ikiingia kwenye seluloidi inaweza kuwasha moto mkononi mwako, maana kitu hiki ni binamu wa baruti.

Tochi ya kukagulia noti bandia inasaidia kidogo. Gizani, pembe na mfupa vyote hung'aa weupe wenye bluu kwa mbali, wakati plastiki nyingi hufifia au hutoa rangi nyingine. Lakini tochi haitenganishi pembe na mfupa, kwa hiyo usiiache lenzi nyumbani.

Sasa ile mipini ya kahawia yenye mashimomashimo, ambayo Wamarekani wanaipenda mno. Mingi ni mfupa wa ng'ombe uliochongwa kwa mashine ili ufanane na pembe ya kulungu, kisha ukatiwa rangi. Tazama ukingo, au pembeni mwa pini: rangi haikufika ndani sana, na weupe wa mfupa unachungulia. Pembe halisi ilikuja zaidi kutoka kwa sambar, kulungu mkubwa wa India. Kulungu huangusha pembe zake na kuotesha nyingine, hivyo ziliokotwa msituni bila kumuua mnyama, ingawa India ilikuja kupiga marufuku kuzisafirisha nje. Mifereji ya pembe hiyo imeota yenyewe. Vibamba viwili vya kisu kimoja havitafanana hata ukivilazimisha, na ndani, upande wa chuma, utakuta nyama yenye matundu kama mkate.

Pembe ya ng'ombe au nyati ni habari nyingine. Yenyewe si mfupa. Ni keratini, jamaa wa ukucha na nywele, iliyoota tabaka juu ya tabaka kuzunguka mfupa wa kichwani. Fundi aliipasha moto, akaikunjua na kuibana iwe bapa. Haikukubali moja kwa moja. Mipini mingi ya pembe ya zamani imejikunja ncha ikijaribu kurudi ilivyokuwa, ikaacha mwanya kati yake na chuma. Inua kisu kwenye mwanga: kwenye kingo nyembamba pembe isiyo nyeusi tititi hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Sugua, itanuka nywele zilizoungua kwa mbali. Na ukiona vijitundu vya duara, wadudu walaji wa sufu walishaonja.

Gamba la ng'amba nalo ni keratini. Lilitoka pwani yetu tangu zamani. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinalitaja pamoja na pembe za ndovu kama biashara ya Rhapta, bandari iliyopotea ya mwambao huu. Kwenye visu utalikuta katika vidogo vya kuchongea kalamu za unyoya, na mara nyingi fundi aliweka karatasi ya dhahabu chini yake ili rangi iwake. Chini ya lenzi, mabaka ya kahawia ya ng'amba yanaundwa na vidoti vidogo visivyohesabika. Kwenye mwigo wa plastiki, rangi inatiririka kama mafuta juu ya maji.

Ganda la chaza linajitambulisha kwa baridi. Liweke shavuni. Plastiki haiwezi kuwa baridi hivyo, na haina uzito ule, hata ikichanganywa na unga wa magamba ya samaki ili imetemete. Kwenye ukingo utaona tabaka. Miti naipitia haraka: mpingo wa kweli huzama majini na weusi wake unafika ndani, lakini mti uliopakwa rangi nyeusi huchakaa penye kidole gumba na kuonyesha asili yake.

Kwa nini haya yote yawe muhimu kwa mtu asiyekusanya visu? Kwa sababu uongo umegeuka. Zamani mfupa uliuzwa kwa jina la pembe ya ndovu. Mwaka 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua kumwingiza ndovu wa Afrika katika orodha yenye ulinzi mkali kabisa. Uingereza ikaongeza sheria yake, iliyoanza kufanya kazi Juni 2022. Kisu chenye mpini wa pembe unaweza kukimiliki, kukirithi, hata kukitoa zawadi. Kukiuza, kwa sehemu kubwa, huwezi. Kuna msamaha kwa vitu vya kabla ya Machi 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, lakini kisu kidogo chenye vibamba viwili vya pembe hakikaribii hapo. Basi sasa pembe inauzwa kwa jina la mfupa, na wanaotafuta pembe wanajua kusoma kati ya mistari.

Kwenye soko la vitu vya kale hapa jijini niliona kisu cha namna hiyo, kibandiko kimeandikwa mfupa mzuri sana wa zamani, na bei ambayo hakuna mfupa uliowahi kuiona. Nilikigeuza. Hakikuwa na kidoti hata kimoja, na kwenye ukingo wa nyuma mistari ilikuwa ikikatana. Nilikirudisha mezani nikamwambia muuzaji, kwa sauti ya chini, kwamba kibandiko chake kinaweza kumtia matatani. Akaguna. Kando yake kulikuwa na kingine cha pembe ya nyati, kimejikunja ncha moja, na kina vijitundu viwili vya wadudu. Nilivionyesha vile vijitundu, akapunguza pauni tatu, nikakinunua.