Njia za Maji na za Miguu katika Majabali ya Omani

Milima ya Hajar, ambayo huanzia katika rasi ya Musandam penye mlango wa Ghuba na kuteremka kuelekea kusini-mashariki mpaka karibu na Ras al Hadd, imekatwakatwa na mabonde makavu ambayo wenyeji huyaita wadi. Na mtu ayatazamaye mara ya kwanza kutoka barabarani, akaona mawe yaliyolundikana na mchanga usiokuwa na tone la maji, huweza kudhani kwamba mto uliochimba bonde lile ulikufa zamani. Dhana hiyo ni potofu, na kwa mwenda kwa miguu ni ya hatari pia. Mto haukufa, umeghibu kwa muda tu, na kila kilichomo bondeni, tangu kuta za jabali zilizosimama wima pande mbili mpaka kijia chembamba akanyagacho mgeni, ni kazi ya maji, au ni kazi ya watu waliokuwa wakiyafuata maji. Atakaye kuzijua njia za Omani hana budi kuanza hapo.

Adhama ya kazi ya maji haionekani popote kwa udhahiri kuliko katika Wadi Nakhr, chini ya kilele cha Jebel Shams, mlima wenye kimo cha kiasi cha mita 3,000 ambao hakuna mwingine katika nchi hiyo unaoupita. Hapo ardhi hukatika ghafla mbele ya miguu ya mtu, na macho yake yakashuka karibu mita 1,000 mpaka chini, kwenye mitende ambayo kwa umbali ule haizidi kuwa madoa ya kijani. Kuta za korongo hilo ni mawe ya chokaa yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, nayo yalifanyika chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, kwa matope na makombe ya viumbe vya baharini. Kisha nguvu zilizomo ndani ya dunia zikayainua polepole mpaka yakawa milima, na mvua, ingawa ni haba katika nchi ile, ikapata zama zisizo na hesabu za kuyakata.

Ukingoni mwa korongo hilo, katika kijiji cha al-Khitaym, ndipo ianzapo njia iliyopewa alama ya W6, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mwalimu bora kwa mgeni asiyezoea majabali. Haipandi sana wala haishuki sana. Hufuata kifua cha jabali kwa kiasi cha kilomita 4, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili hewa tupu, na ambaye hukubali kwenda taratibu, bila ya kuona haya kushika ukuta pale panapombana, aghalabu huenda na kurudi kwa saa tatu au nne. Mwongozo wake ni mistari mitatu ya rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa juu ya mawe. Msafiri akienda kitambo asiione, heri arudi nyuma mpaka pale alipoiona mara ya mwisho kuliko kuendelea kwa kubahatisha, kwa kuwa vijia vya mbuzi ni vingi, na mbuzi hupita mahali ambapo binadamu hawezi.

Mwisho wa njia hiyo ni kijiji cha as-Sab, kilichohamwa na watu wake. Nyumba zake za mawe zimejengwa chini ya paa la jabali lililotokeza nje, hata ukuta wa nyuma wa nyumba ni mlima wenyewe, na mbele yake kuna vishamba vilivyojengwa ngazi kwa ngazi juu ya mteremko, kila kimoja kikizuiwa kwa ukuta mdogo wa mawe ili udongo usichukuliwe na mvua. Asimame hapo msafiri, afikiri. Udongo ule ni mchache, na kila kiganja chake kilithaminiwa. Maji yalikuwa ni yale yachuruzikayo kutoka katika nyufa za jabali. Na njia aliyoijia yeye kwa matembezi ndiyo waliyoipita wazee na watoto na punda waliobebeshwa mizigo, walipotaka kuonana na walimwengu wengine. Ni dhulma kuiita njia kama hiyo mahali pa michezo na kuishia hapo.

Wadi Shab ina sura nyingine kabisa. Iko pwani, karibu na mji wa Tiwi, katika barabara iendayo kutoka Maskati hadi Sur, na mlango wake umefungwa na ziwa dogo ambalo mgeni huvushwa kwa mashua ya mwenyeji kwa malipo kidogo. Ng'ambo ya pili kuna mitende na migomba, kisha bonde hubana, kuta hupanda, na njia huanza kupenya baina ya mawe makubwa yaliyoletwa na mafuriko. Baada ya mwendo wa kama saa moja hivi huja mabwawa ya maji ya rangi ya zumaridi, na hapo njia ya miguu hukoma ikaanza njia ya kuogelea. Katika bwawa la mwisho jabali huacha mwanya mwembamba ambao hautoshi ila kichwa cha mtu juu ya maji, na apitaye hapo hutokea ndani ya pango lisilo na paa kamili, ambamo maji huanguka kutoka juu kwa kishindo na nuru huingia kwa ufa. Asiyejua kuogelea asijaribu, hata akishawishiwa na rafiki zake. Uzuri wa bonde lile hauanzi pangoni, na aliyeishia kwenye bwawa la kwanza hakurudi mikono mitupu.

Katika Wadi Shab, na zaidi katika mabonde yenye vijiji kama Wadi Tiwi iliyo jirani yake, msafiri ataona mfereji mwembamba ukishikamana na ubavu wa jabali, mara nyingi sambamba na njia yenyewe. Huo ndio falaj, na bila ya huo vijiji vile visingekuwapo. Iko mifereji ichimbuliwayo chini kwa chini kutoka kwenye maji yaliyofichika ardhini, nayo huitwa daudi, kwa sababu ya kisa cha kale kwamba Nabii Suleiman bin Daud aliwaamuru majini waichimbe; na iko ile inayokinga maji ya juu ya wadi, iitwayo ghaili. Maji yake hayagawanywi kwa nguvu wala kwa upendeleo, bali kwa zamu: sehemu moja, iitwayo athar, ni kama nusu saa, na zamani zamu hiyo ilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Wakili wa falaj husimamia hesabu na matengenezo. Mifereji ipatayo 3,000 ingali ikitumika nchini, na mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa hiyo mgeni atembeaye juu ya kingo za falaj, kama ilivyo desturi pale ambapo hakuna njia nyingine, anakanyaga mali ya watu wenye zamu zao. Asitie sabuni wala taka humo, na asihamishe jiwe lolote aliloliona limeziba mdomo wa mfereji, maana halikuwekwa hapo bila ya sababu.

Msomaji wa pwani yetu ana jambo moja la kumfariji katika safari hiyo ya mbali. Majahazi ya Sur yalikuwa yakija Unguja kwa pepo za kaskazi, Seyyid Said bin Sultan alifanya Unguja makao ya enzi yake katika karne ya 19, na baada ya mwaka 1970 jamaa wengi wa Kiomani waliozaliwa Afrika ya Mashariki walirejea katika nchi ya babu zao wakiwa na Kiswahili vinywani. Si ajabu basi, katika Maskati au katika miji ya Sharqiya, mgeni kumwamkia mzee kwa shikamoo akajibiwa marahaba, kisha akapewa kahawa na tende na habari za njia zilizo sahihi kuliko za ramani yoyote.

Na habari atakayoihitaji kuliko zote ni habari ya mvua. Milima ya Hajar ni jabali tupu, haina msitu wala udongo mwingi wa kunywa maji, na kwa sababu hiyo mvua inyeshayo kileleni haikawii hata kidogo. Hukusanyika katika vijito, vijito vikaingia katika wadi, na ukuta wa maji yaliyochanganyika na mawe na magogo ukamfikia mtu aliye bondeni chini ya mbingu iliyo safi, asiyekuwa amesikia hata ngurumo. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliua watu wapatao 50 katika Omani, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliwachukua watoto wa skuli waliokuwa ndani ya gari. Hao hawakuwa wageni wasioijua nchi. Ndani ya korongo lenye kuta wima hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia ila juu, na juu hakupandiki.

Kwa hiyo, ewe msomaji utakayejaaliwa kufika huko, nenda baina ya Novemba na Machi, joto linapokuwa la kuvumilika, chukua maji mengi kuliko unayodhani yatakutosha, vaa nguo za sitara upitapo vijijini, wala usipige picha za watu bila ya idhini yao. Usilale kamwe ndani ya mkondo wa wadi, hata mchanga wake ukiwa laini namna gani. Asubuhi, kabla ya kutia mguu bondeni, muulize mwenyeji kama milimani kumenyesha au kuna mawingu; na akikwambia usiingie, usiingie.