Programu ya Kompyuta: Mali ya Aliyeiandika au ya Aliyemwajiri?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Tuchukulie kijana wa Kilindoni, Mafia, aliyeajiriwa Dar es Salaam kwa mshahara wa mwezi kuandika programu za hesabu za maduka. Ameacha kazi, akaondoka na nakala, na sasa anataka kuiuza. Je, fedha hiyo ni halali kwake?

Kwanza, programu ni mali? Katika madhehebu ya Imam Shafii, manfaa ni mali ingawa hayashikiki mkononi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jiddah, katika kikao chake cha tano huko Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya kimali, na haijuzu kuzivamia. Sheria Na. 7 ya 1999 ya Tanzania Bara, inayoihusu pia Mafia, nayo inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu.

Pili, mwenyewe ni nani? Mafakihi wametofautisha ajiri khaas, aliyeuza muda wake kwa mtu mmoja, na ajiri mushtarak, anayewafanyia kazi wengi. Fundi wa mashua kule Chole akilipwa ujira wa siku, hadai mashua kazi ikiisha. Utasema: mbao zilikuwa za tajiri, na programu haina mbao. Jawabu ni kuwa mbao za programu ni muda na juhudi, navyo mwajiri amekwisha kuvinunua. Kwa hiyo, pasipo sharti jingine, nakala ile ni amana, na kuiuza ni khiyana. Ama ujuzi ni wake. Anaweza kuandika nyingine upya, kama fundi aundavyo mashua nyingine.

Lakini aliyeandika kwa muda wake mwenyewe, kisha akawauzia wenye maduka, asili hubaki yake. Wao wamenunua matumizi, ila wakikubaliana vingine, kwani Waislamu hufungwa na masharti yao yasiyohalalisha haramu.

Mwajiri naye amche Mola wake. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, anayemtumikisha mtu asimpe ujira wake ni miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Basi pande zote mbili ziandikiane kabla ya kazi kuanza, kama tulivyofundishwa kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Wallahu aalam.