Je, Wajua? Siri za Filamu za Anga Zilizotutoa Macho Utotoni

Waliokua enzi za deki na kaseti wanaujua utamu wenyewe: unalipa kiingilio kwenye kibanda cha video, unabanana na wenzako kwenye benchi, na kabla hujakaa sawa umeshafika kwenye sayari isiyo na jina. Roboti anatembea, dude linabomoa mji, na kanuni ni moja tu: stelingi hafi. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba sehemu kubwa ya maajabu yale ilitengenezwa kwa mkono, kwa vitu vya jikoni na stoo, na watu ambao majina yao hatukuwahi kuyasikia. Soma, kisha ukawatambie wenzako kijiweni.

Mwezini kwa koti na mwavuli

Miaka 67 kabla Neil Armstrong hajaukanyaga mwezi, Mfaransa Georges Méliès alikwishawapeleka huko wataalamu sita wa nyota kwa kuwafyatua kutoka kwenye mzinga. Ilikuwa mwaka 1902, na chombo chao kilitua puu ndani ya jicho la mwezi! Hawakuwa na helmeti wala mtungi wa hewa. Walivaa makoti na kubeba miavuli, na wenyeji wa mwezini walipowavamia, pigo moja la mwavuli lilitosha kumgeuza adui kuwa moshi. Méliès alikuwa mwanamazingaombwe kabla hajashika kamera, na filamu ile ya robo saa hivi ndiyo iliyoonyesha kwamba sinema nayo inaweza kufanya mazingaombwe.

Sinema zilizogeuka visigino

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, filamu nyingi za Méliès ziliyeyushwa, na malighafi yake ikatumika kutengenezea visigino vya buti za wanajeshi. Mwenyewe alifilisika, akaishia kuuza peremende na vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya treni ya Montparnasse, Paris. Lakini mwaka 1993 nakala ya ile safari ya mwezini, iliyopakwa rangi kwa mkono picha moja moja, iliibuka Barcelona ikiwa imegandamana kama jiwe. Mafundi waliibandua kwa subira ya miaka, na mwaka 2011 ikaonyeshwa Cannes.

Tatu, mbili, moja… ilianzia sinema

Ile hesabu ya kurudi nyuma kabla roketi haijaruka haikubuniwa na wanasayansi. Iliingizwa na mwongozaji Fritz Lang katika filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu safari ya mwezini, iliyotengenezwa Ujerumani. Filamu ilikuwa bubu, na Lang alitaka mtazamaji ajue roketi inaondoka sasa hivi, huku roho ikimdunda. Mshauri wake alikuwa Hermann Oberth, mmoja wa mababa wa elimu ya roketi. Leo hesabu hiyo ni jambo la kawaida roketi inaporushwa, na watoto wanaihesabu hata wanaposhindana mbio.

Ilipotea Berlin, ikapatikana Buenos Aires

Lang huyo huyo ndiye aliyetengeneza Metropolis ya mwaka 1927, yenye roboti wa kike anayeng'aa ambaye baadaye alikuwa kielelezo cha C-3PO wa Star Wars. Filamu ilikatwakatwa muda mfupi baada ya kutoka, na kwa takribani miaka 80 watu waliamini vipande vile vimepotea milele. Mwaka 2008 nakala yenye karibu dakika 25 za ziada ilikutwa katika jumba la makumbusho ya filamu huko Argentina. Ukiitazama leo utavitambua vipande hivyo bila kuambiwa, kwa sababu vimejaa mikwaruzo inayoteremka kama mvua.

Roboti mwenye zipu mbili

Gort, roboti wa kutisha wa The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951, alikuwa bawabu wa ukumbi wa sinema Hollywood. Jina lake Lock Martin, na urefu wake ulipita futi saba. Ili mtazamaji asione zipu, zilishonwa suti mbili: moja ilifungwa mgongoni kwa ajili ya picha za mbele, na nyingine ilifungwa kifuani kwa ajili ya picha za nyuma. Roboti huyo aliyesimamisha dunia hakuwa na nguvu za kutosha kumbeba mwigizaji mwenzake, ikabidi nyaya zimsaidie.

Godzilla aliunguruma kwa glavu

Ule mngurumo uliotufanya tujifiche nyuma ya migongo ya kaka zetu haukutoka kwa mnyama yeyote. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliupata kwa kuchukua glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari na kuiburuza kwenye nyuzi za fidla kubwa ya besi, ala ile ile inayosimama nyuma ya waimbaji wa taarab asilia Zanzibar. Ndani ya dude alikuwamo Haruo Nakajima, amevaa suti ya takribani kilo 100, akivunja mfano wa Tokyo uliojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25.

Chanzo cha hadithi hakikuwa mchezo. Tarehe 1 Machi 1954 mlipuko wa bomu la nyuklia la Marekani huko Bikini uliwanyunyizia majivu ya sumu wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari. Filamu ilitoka Novemba mwaka huo huo, na inaanza na meli inayoangamia katika mwanga mkali. Kila Mjapani aliyeketi ukumbini alijua kinachozungumzwa.

Muziki usio na ala hata moja

Forbidden Planet ya mwaka 1956 ndiyo filamu kubwa ya kwanza ambayo muziki wake wote ulitoka kwenye mitambo ya kielektroniki. Bebe na Louis Barron, mume na mke, waliunda saketi wenyewe, wakazilazimisha mpaka zikalia na kuungua, huku wao wakirekodi vilio hivyo kwenye tepu. Kwa kuwa hawakuwa wanachama wa chama cha wanamuziki, kazi yao haikuruhusiwa kuitwa muziki, ikaandikwa "toni za kielektroniki". La kufurahisha zaidi ni hadithi yenyewe: mzee mwenye elimu ya ajabu na bintiye waliotengwa mbali na watu. Msomaji wa Tufani, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Samuel Mushi, ataitambua mara moja.

Masokwe wa Namibia waliokuwa Uingereza

Katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1968, unaona mababu zetu wakigombania dimbwi la maji kwenye jangwa la Afrika. Jangwa lilikuwa Namibia kweli, lakini kwenye picha tu. Waigizaji walikuwa studio Uingereza ndani ya manyoya, na picha za Namibia zikirushwa kwenye pazia kubwa nyuma yao. Ukimtazama vizuri chui wa onyesho lile, utaona macho yake yanawaka kama taa. Hakuna aliyepanga hivyo: mwanga wa mashine ya kurushia picha uligonga macho yake ukarudi kwenye kamera, na Kubrick akauacha.

Gurudumu la tani 30

Filamu hiyo hiyo inamwonyesha mwanaanga akikimbia mazoezi ukutani, halafu kwenye dari, halafu anarudi chini bila kuanguka. Kubrick aliiagiza kampuni ya kutengeneza ndege imjengee gurudumu la kipenyo cha mita 11.6, lenye uzito wa tani 30, kwa dola 750,000. Gurudumu lilizunguka, mwigizaji akabaki akikimbia pale pale chini, na kamera ndiyo iliyotuzuga. Mwaka mmoja tu baadaye binadamu wa kweli walitua mwezini.

Mwigizaji aliyeitafutia NASA wanaanga

Nichelle Nichols, aliyeigiza kama Luteni Uhura wa Star Trek, jina lililotokana na neno letu uhuru, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King alipokutana naye alimsihi abaki, kwa sababu Wamarekani Weusi walikuwa wanamwona mtu wao akifanya kazi ya heshima angani. Akabaki. Mwaka 1977 NASA ilimpa kazi ya kuhamasisha wanawake na watu wa rangi zote waombe uanaanga. Kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Nyumba ya Luke Skywalker ni hoteli

Unaweza kulala alikokulia shujaa wa Star Wars. Nyumba yake ni Hoteli Sidi Driss katika mji wa Matmata, Tunisia, moja ya makazi ya Waberber yaliyochimbwa chini ya ardhi ili kukwepa joto. Na zile panga za mwanga? Fundi wa sauti Ben Burtt alichanganya mvumo wa projekta kuukuu na mlio wa televisheni. Mlio wa bunduki aliupata kwa kugonga waya ulioshikilia mnara wa redio. Filamu ilipoanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977 ilikuwa kwenye kumbi zisizofika 50 Marekani nzima.

Rubani wa anga za mbali anaongea Kikuyu

Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani msaidizi wa Lando Calrissian ni kiumbe mwenye mashavu yanayoning'inia na macho makubwa meusi, anaitwa Nien Nunb. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walidhani lugha yake imebuniwa. Walioitazama kule Nyeri na Murang'a hawakuhitaji tafsiri: mwenye sauti alikuwa Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na alikuwa akiita watu walioko kule waje huku, kwa Kikuyu safi. Mwaka 2015 kiumbe yule aliporudi kwenye The Force Awakens, Rotich naye alirudi kumpa sauti.

Dude la Alien lilikuwa kijana wa Kinigeria

Mwindaji wa kutisha kuliko wote katika sinema za anga alikuwa Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa kutoka Nigeria mwenye urefu wa mita 2.08. Wakala wa kutafuta waigizaji alimwona katika baa moja London, akajua kazi imekwisha. Alifundishwa tai chi ili atembee polepole kama kitu kisicho na mifupa. Kwa sababu ya mkia hakuweza kuketi kwenye kiti, kwa hiyo alitengenezewa bembea ya kupumzikia. Kiumbe mdogo aliyepasuliwa kwenye filamu hiyo ya 1979 alijazwa chaza na figo ya kondoo. Badejo hakuigiza filamu nyingine yoyote.

Sauti ya E.T. ilipatikana dukani

Ben Burtt alikuwa kwenye duka la kamera huko Kalifonia alipomsikia mama mmoja akiongea kwa sauti ya mkwaruzo iliyoharibiwa na sigara za miaka mingi. Huyo ndiye Pat Welsh, na ndiye mgeni mpole aliyewaliza watoto wa dunia nzima mwaka 1982. Sauti yake ilichanganywa na za wanyama kadhaa, na pumzi za mke wa Burtt aliyekuwa amelala huku ana mafua.

Mashine ya muda ilikuwa friji

Katika rasimu za mwanzo za Back to the Future, safari ya kurudi zamani ilifanywa kwa jokofu. Watengenezaji waliliacha wakihofia watoto wangejifungia kwenye majokofu ya nyumbani wakiiga. Badala yake likachaguliwa gari la DeLorean, lenye milango inayofunguka kwenda juu. Kiwanda chake kule Ireland ya Kaskazini kilikuwa kimeshafungwa tangu 1982, miaka mitatu kabla ya filamu kulifanya liwe moja ya magari mashuhuri zaidi duniani.

Nasi tulikuwa na maajabu yetu

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Ndiyo maana watoto wengi wa Bara waliijua video kabla ya kuijua televisheni. Mzungu akiongea, hatukuhitaji kumwelewa: Lufufu jijini Dar es Salaam, na baadaye DJ Afro kule Kenya, walisimulia filamu nzima kwa Kiswahili, wakamtania adui, wakampa stelingi maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyafikiria. Sanaa hiyo ni yetu, na sehemu yake kubwa ipo kwenye kaseti zinazooza kwa joto na unyevu. Kama unazo chache kwenye sanduku la zamani, usizitupe. Mtafute fundi azinakili sasa, kwa sababu utepe wa VHS haungoji miaka 80 kama Metropolis.